Msiba usio na kazi

"Kwani alikuwa ndugu yako?" Hilo ndilo swali la kwanza analokutana nalo mtu anayemlilia mwanamuziki, kiongozi au mchezaji ambaye hakuwahi hata kumpa mkono. Huulizwa na mume, na bosi, na rafiki wa siku nyingi, aghalabu bila ubaya wowote. Anayeulizwa hukosa la kujibu. Hufuta machozi, husema "hapana, ni vile tu", kisha huenda kumalizia kilio chake bafuni, bomba likiwa wazi ili asisikike.

Swali hilo linapima mahali pasipo. Undugu haujawahi kuwa mizani ya majonzi. Wapo waliozika mjomba macho makavu, kisha wakashindwa kula siku redio ilipotangaza kifo cha mtu ambaye nyimbo zake ndizo zilizowalea. Kinachoutenga msiba wa mtu maarufu na msiba wa nyumbani ni kitu kingine kabisa: msiba wa nyumbani huja na kazi.

Mtu wako akifa, kuna simu za kupiga. Kuna cheti cha kufuatilia, mwili wa kuandaa, kaburi la kuchimbwa, wageni wa kupokea, bibi mmoja wa kushikwa mkono asianguke. Wafiwa hulalamika kwamba hawakupata hata nafasi ya kulia, kumbe kazi hizo ndizo zilizowabeba. Kila moja iliuambia mwili jambo ambalo akili ilikuwa bado inalikataa, kwamba amekufa kweli. Na kazi hizo zina mwisho. Udongo ukisharudishwa watu hutawanyika, na usiku huo mwili uliochoka hulala wenyewe.

Mtu maarufu akifa, shabiki wake hana hata moja ya kazi hizo. Hapigiwi simu na mtu, hapewi pole, hana pa kwenda. Mikono imebaki mitupu, na mikono mitupu hushika simu. Naamini hapo ndipo mambo huharibikia. Majonzi haya ni ya kweli na hayahitaji kuombewa radhi, lakini tukiyaacha yawe ya kutazama tu, bila tendo hata moja, hukaa ndani yakichacha.

Ukaribu wa mbali

Mwaka 1956 watafiti wawili wa Marekani, Donald Horton na Richard Wohl, waliandika kuhusu jambo jipya walilokuwa wakiliona kwa watazamaji wa televisheni. Watu walikuwa wakizungumza kuhusu mtangazaji kama jirani. Walijua anapenda nini, walicheka naye, waliona wamekosewa akikosekana. Ni uhusiano wa upande mmoja: yeye hamjui hata mmoja wao, wao wanamjua kila siku.

Hakuna ujinga katika hilo. Kwa muda mrefu sana kabla ya redio kubuniwa, sauti uliyoisikia kila asubuhi ilikuwa sauti ya mtu wa kwenu, na uso uliouona kila jioni ulikuwa uso wa mtu ambaye ukiugua angekuja. Mioyo yetu imejengwa kwa desturi hiyo. Mtu akikutia moyo kwa miaka 20, ukamsikiliza ukiwa umeachwa, umefukuzwa kazi au unanyonyesha usiku wa manane, nafasi aliyoishika ndani yako ni nafasi halisi, hata kama yeye hakujua ameikalia.

Mwaka 1989 Kenneth Doka, mtaalamu wa majonzi wa Marekani, alilipa jina tatizo linalofuata: majonzi yasiyo na kibali. Ni huzuni ya mtu ambaye jamii haimtambui kuwa mfiwa, kama mpenzi wa siri, mtalaka, au mwenye mimba iliyoharibika. Shabiki yumo katika kundi hilo. Mtu wa namna hii huumia mara mbili, kwanza kwa kifo chenyewe, pili kwa aibu ya kuumia, na mara nyingi hii ya pili ndiyo inayomfungia ndani.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haigharimu chochote. Tamka kwa sauti, kwa mtu mmoja unayemwamini: "Nimefiwa. Namlilia fulani." Usianze na "najua ni ujinga, lakini". Ukianza hivyo umempa msikilizaji ruhusa ya kukubaliana nawe. Mchague mtu huyo kwa makini. Asiye na subira na machozi hafai kuwa wa kwanza, hata kama ni ndugu wa damu. Na anayeambiwa asitafute la maana sana la kusema. "Pole. Ulianza kumfuatilia lini?" inatosha, maana swali hilo humfungulia mfiwa mlango wa kusimulia.

Unamlilia nani hasa?

Hapa panahitaji utulivu, kwa sababu kifo cha mtu mmoja maarufu hubeba vifo kadhaa ndani yake, na kila kimoja kina dawa yake.

Kaa mahali pa kimya, fumba macho, mkumbuke marehemu kama alivyokujia mara ya kwanza au wakati ulipompenda zaidi. Kisha usimwangalie yeye. Geuka, angalia pembeni. Uko wapi? Una umri gani? Nani yuko chumbani pamoja nawe? Redio ile ni ya nani?

Wengi wakifika hapo ndipo kilio halisi hutoka. Chumba ni cha mama aliyefariki miaka 11 iliyopita; yeye ndiye aliyekuwa akiongeza sauti wimbo ulipoanza, kitambaa begani, mkono mmoja ungali na povu la sabuni. Mwanamuziki amekufa leo, na mama amekufa tena pamoja naye. Ukiligundua hilo usijione mnafiki. Umepata tu anwani sahihi ya machozi yako. Huyo usimtafute kwenye habari, hayumo humo. Mpigie ndugu mliyelelewa naye, mzungumzeni mama.

Wengine hukuta hakuna mtu chumbani ila wao wenyewe wakiwa na miaka 16. Wanalia ujana. Mchezaji waliyemwona akikimbia kama swala amekufa mzee au amekufa mgonjwa, na saa yao wenyewe imesikika ikigonga. Huzuni hii hupotosha sana, kwa kuwa huja imevaa nguo za mtu mwingine, na mwenye nayo hushangaa kwa nini kusoma habari za marehemu hakumpunguzii kitu. Inapoa mtu akiongea wazi kuhusu umri wake, afya yake na mambo aliyoyaahirisha.

Na wapo waliopoteza tumaini. Marehemu alikuwa akisema kile ambacho wao hawawezi kukisema, au alisimamia jambo, na sasa jambo hilo limebaki bila msemaji. Wanaomlilia kiongozi au mwanaharakati wako hapa zaidi. Hawa kutulizwa kwa "muda utaponya" huwaudhi, na wana haki. Wanachohitaji ni kuona kazi ile ikisogea, hata kwa hatua moja.

Anayebaki ni yule anayemkosa mtu mwenyewe, sauti yake, ucheshi wake, kazi mpya ambayo haitatoka tena. Huo ndio msiba ulio wazi kuliko yote na mara nyingi ndio unaopona vizuri, kwa sababu kazi zake zimebaki.

Skrini haizikwi

Saa nane usiku. Taa imezimwa, uso mmoja unang'aa kwa mwanga wa bluu chini ya shuka. Kidole gumba kinapandisha skrini. Ile video ya gari la wagonjwa imepita mara ya saba, sasa imewekewa muziki wa huzuni. Chini yake mtu asiyemjua ameandika kwamba marehemu aliuawa. Mwingine ameandika kwamba hajafa. Kidole kinaingia kusoma majibu, majibu ni 900. Macho yanawasha. Hakuna jipya alilolijua tangu saa moja jioni, na bado hawezi kuiweka chini, kwa sababu kuiweka chini kunafanana na kumwacha marehemu peke yake.

Tarehe 15 Aprili 2013 mabomu yalilipuka kwenye mbio za marathoni za Boston. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, waliwapima Wamarekani katika wiki zilizofuata na kuchapisha matokeo mwaka 2014. Waliofuatilia habari za tukio kwa saa sita au zaidi kwa siku, katika wiki ile ya kwanza, waliripoti dalili nyingi zaidi za msongo mkali kuliko waliokuwapo kwenye eneo la tukio au karibu nalo. Lile lilikuwa shambulio, na kifo cha msanii si shambulio. Matokeo hayo hayahamishiki yalivyo. Lakini funzo la kipimo linahamishika: habari za kifo zina dozi, na dozi ikizidi, mtu aliye mbali huumia kama aliyekuwapo.

Wengi wakishalielewa hili hufuta programu zote kwa hasira. Kesho yake mchana wamezirudisha, na safari hii wanakaa mara mbili zaidi kufidia. Kupunguza kwa kipimo hushinda kufunga kabisa. Kwa siku tatu za kwanza jipe vipindi viwili kwa siku, dakika 20 kila kimoja, asubuhi ukiwa umeshakula na jioni kabla giza halijaingia. Weka kengele ya simu, ikilia, simama wima; mtu aliyelala chali haachi. Chagua chombo kimoja cha habari unachokiamini, soma maandishi, acha video. Zima kujicheza kwa video kwenye kila programu. Nenda kwenye mipangilio ufiche jina la marehemu kwa siku 14. Mitandao mingi ina sehemu ya maneno yaliyofichwa. Video ya kuumiza ikikujia, usiitazame hadi mwisho wala usiijibu kwa hasira, maana mfumo unaokuchagulia huhesabu muda uliokaa na majibu uliyotoa, kisha hukuletea kumi za aina hiyo. Bonyeza "sipendezwi na hii" uondoke. Na simu ilale chumba kingine. Kama ndiyo saa yako ya kuamkia, tafuta saa ya mezani.

Kuhusu kusambaza: kifo kithibitishwe kwanza na familia, ofisi ya marehemu, au vyombo viwili visivyonukuliana. Angalia tarehe ya video, kwa kuwa picha za ugonjwa wa zamani hurudishwa kama za leo. Namba za michango ya rambirambi zinazozunguka saa chache baada ya tangazo usizitumie hata senti hadi familia yenyewe izitamke. Picha ya maiti haisambazwi, kwa sababu yoyote ile.

Skrini ina kasoro nyingine kubwa, haina mwisho. Nelson Mandela alipofariki tarehe 5 Desemba 2013, ratiba ilijulikana mapema: ibada ya kitaifa tarehe 10, mwili kuagwa Pretoria kuanzia tarehe 11 hadi 13, mazishi Qunu tarehe 15. Hata aliyekuwa bara lingine alijua ni siku gani atalia na ni siku gani ataacha redio. Michael Jackson alifariki tarehe 25 Juni 2009, akafanyiwa ibada ya hadhara Julai 7, na hakuzikwa hadi Septemba 3. Siku 70. Katikati palijaa uchunguzi, uvumi na mabishano, na shabiki wake hakujua asimame wapi. Ikiwa ratiba ya mazishi haipo, au inasogezwasogezwa, jiwekee yako. Chagua tarehe ndani ya wiki mbili, iandike, uifanye siku yako ya maziko. Habari za uchunguzi zitaendelea baada yake. Hizo ni habari, si matanga.

Ipe mikono kazi

Kazi ya kwanza ni barua. Karatasi, kalamu, ukurasa mmoja, kwa marehemu mwenyewe, kwa nafsi ya pili. Nilikufahamu lini na nikiwa wapi. Ulinipa nini. Kitu gani chako kilinikwaza. Nini nitaendelea nacho. Usiruke hilo la tatu: majonzi yanayomfanya marehemu malaika hukwama, kwa kuwa huwezi kumuaga mtu ambaye umeshamgeuza sanamu. Barua hizi huharibika kwa namna moja hasa, mwandishi hujikuta ananakili wasifu kutoka kwenye habari, alizaliwa mwaka huu, alitoa albamu hizi. Dawa yake ni kujilazimisha kuandika angalau sentensi moja ambayo hakuna mtu mwingine duniani angeweza kuiandika. Ikishaandikwa, ilaze usiku mmoja. Kesho amua kama itasomwa, itachomwa, itafukiwa au itahifadhiwa. Kuibandika mtandaoni siku ileile hubadilisha kazi yake. Badala ya kuaga unaanza kuhesabu waliopenda.

Kazi ya pili ni kukaa pamoja. Watu watatu hadi wanane; wakizidi hapo huwa hadhara na wenye haya hunyamaza. Saa mbili zinatosha. Simu zote kwenye kapu moja. Chagueni kazi moja ya marehemu, hotuba nzima, mechi nzima, albamu nzima, mkaisikilize au mkaitazame bila kukatisha. Uzima huo una maana, maana siku hizo wote mmekuwa mkila vipande vya sekunde 30. Kisha kila mmoja aseme mara moja, bila kujibiwa wala kusahihishwa. Anayetaka kunyamaza anyamaze. Mtu mmoja, aliyechaguliwa tangu mwanzo, atangaze mwisho: "Tumemuaga." Mkutano usiotangaziwa mwisho huyeyuka kuwa mabishano ya siasa au ulevi, na kila mmoja hurudi kwake mzito kuliko alivyokuja. Pombe na iwe mbali siku hiyo. Huahirisha uchungu kwa saa chache na huurudisha alfajiri ukiwa na riba.

Ya tatu huhusu lile alilolisimamia. Mfundishe mtoto mmoja wimbo wake mmoja hadi aujue wote. Alikuwa mkimbiaji? Kimbia, hata kilomita mbili. Alikufa kwa maradhi yanayoweza kugunduliwa mapema? Kapime wiki hii, umpeleke na mwenzako. Sharti ni kwamba kazi iweze kukamilika ndani ya siku 30 na uweze kusema "imeisha". Viapo vikubwa vya siku ya pili, kwamba nitaanzisha taasisi kwa jina lake, nitaacha kazi nifuate njia yake, huvunjika mwezi wa pili, na kuvunjika kwake huongeza hatia juu ya huzuni. Uamuzi wa kubadilisha maisha usubiri angalau miezi mitatu. Mchoro wa mwilini nao usubiri.

Ukienda kuaga mwili

Kwenda ni tendo, na ni tendo jema. Lakini umati wa msiba ni hatari kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu watu wamejaa hisia, hawajala, na wote wanataka kufika mahali pamoja padogo. Tarehe 7 Januari 2020 watu 56 walikufa kwa msongamano mjini Kerman, Iran, kwenye mazishi ya Jenerali Qasem Soleimani. Tarehe 21 Machi 2021, Dar es Salaam, watu 45 walipoteza maisha Uwanja wa Uhuru walipokwenda kumuaga Rais John Magufuli.

Watu husema "walikanyagana", na wakati mwingine hukanyagana kweli, lakini wengi katika ajali za namna hii hufa wakiwa wima. Kifua kinabanwa mbele na nyuma hadi mbavu hazipati nafasi ya kutanuka, hewa inakosa njia. Watu wanne kwenye mita moja ya mraba bado wanatembea kwa hiari yao. Wakizidi watano hatari imeanza. Wakifika sita au saba umati husukasuka kama maji, na hakuna mwenye nguvu anayeweza kusimama kinyume chake. Wa nyuma hawaoni kinachotokea mbele, wanaendelea kusukuma wakidhani mlango umefunguliwa.

Alama yako ni mabega. Ukiguswa mabega yote mawili na watu bila wewe kusogea, ondoka wakati huo huo, usisubiri foleni isogee kidogo. Toka kwa mshazari kuelekea pembeni, usipambane na mkondo uso kwa uso. Kaa mbali na kuta, vyuma na ngazi. Ukibanwa, mikono mbele ya kifua kama bondia, viwiko nje, ili mapafu yabaki na nafasi. Kilichoanguka kimeanguka, ukiinama kuokota simu hutainuka. Usipige kelele, tunza pumzi. Watoto wadogo wabaki nyumbani. Kubalianeni mapema mahali pa kukutana nje ya uwanja, kwa kuwa mtandao wa simu huzidiwa siku hizo. Na ukikuta umati umeshajaa, kurudi si kumkosea heshima marehemu.

Aliyejiua, na aliye karibu kumfuata

Sehemu hii nawaomba mnaoendesha kurasa na makundi ya mashabiki muisome mara mbili.

Diana, aliyekuwa mke wa mrithi wa ufalme wa Uingereza, alifariki Paris kwa ajali ya gari tarehe 31 Agosti 1997. Katika mwezi uliofuata mazishi yake, idadi ya waliojiua Uingereza na Wales ilipanda kwa takriban asilimia 17, na kwa wanawake wa miaka 25 hadi 44, rika lake, kwa takriban asilimia 45. Hakuwa amejiua. Wengi wa waliokuwa wakijiona ndani yake walikuwa tayari wamebeba mizigo yao. Mwigizaji na mchekeshaji Robin Williams alipojiua Agosti 2014, vifo vya kujiua Marekani katika miezi mitano iliyofuata vilizidi matarajio kwa karibu asilimia 10.

Haikuandikwa kwamba lazima iwe hivyo. Mwanamuziki wa roki Kurt Cobain alipojiua Aprili 1994, mji wake wa Seattle, Marekani, ulitarajia mabaya. Viongozi na vyombo vya habari vya mji huo walitenganisha kazi yake na namna alivyokufa, hawakukipamba kifo chake, na walitangaza mahali pa kupata msaada. Simu za kuomba msaada ziliongezeka sana. Vifo vya kujiua havikuongezeka kama ilivyohofiwa. Yaelekea maneno ya watu yalichangia tofauti hiyo.

Kwa hiyo: usitaje njia aliyotumia, wala mahali, wala usichapishe barua aliyoacha. Usiandike kwamba "amepumzika na mateso" au "sasa yuko huru", kwa kuwa msomaji aliye ukingoni husikia kwamba huko ndiko kwenye uhuru. Usitaje sababu moja, kwamba ni mke au ni madeni. Kujiua huwa na sababu nyingi zilizosukana. Weka namba ya msaada ya nchi yako juu kabisa ya andiko. Mtu akiandika "nakufuata", usimjibu kwa emoji. Mpigie. Muulize moja kwa moja: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo; humwonyesha kwamba kuna mtu anayeweza kulisikia. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, ondoa vitu anavyoweza kujidhuru navyo, mfikishe kwa mtaalamu siku hiyohiyo.

Watoto waambiwe kwa neno lenyewe, amekufa. Ukisema "amelala", mtoto wa miaka mitano ataogopa kulala.

Aliyependwa na wengine, akawaumiza wengine

Mara nyingi, tanzia ikiwa haijakauka wino, mtu huandika kwamba marehemu alimdhulumu. Mashabiki humrukia. Hili linaumiza pande zote, na pia linaufanya msiba wako kuwa vita, ambayo ni aina nyingine ya kukwepa kulia. Yeye halii kwa sababu ana lake. Wewe unalia kwa sababu una lako. Maumivu yake hayafuti kile ulichopewa na marehemu, na machozi yako hayamfanyi yeye mwongo. Kwa siku saba za kwanza usijibu hata mmoja. Baadaye, ukiwa umetulia, soma alichosema. Huenda picha ya uliyempenda itabidi ibadilike, na huo ni msiba ndani ya msiba, wenye barua yake ya pili.

Pembea, si ngazi

Mengi yanayosemwa kuhusu majonzi yametokana na hatua tano za daktari wa akili Elisabeth Kübler-Ross za mwaka 1969: kukataa, hasira, kujaribu kupatana bei na kifo, huzuni, kukubali. Wachache hukumbuka kwamba alianza kwa kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wakikaribia kufa wenyewe. Wafiwa hawapandi ngazi hiyo kwa zamu. Maelezo yanayofanana zaidi na hali halisi ni ya watafiti wa majonzi Margaret Stroebe na Henk Schut, mwaka 1999: mfiwa huenda na kurudi kama mtu kwenye pembea, mara kwenye uchungu, mara kwenye shughuli za maisha. Umecheka mchana ukalia usiku? Pembea inafanya kazi. Wa kuhofia ni aliyekwama upande mmoja, asiyetoka kabisa kwenye uchungu au asiyeugusa kabisa.

Kwa msiba wa mtu maarufu, mawimbi makali kwa kawaida hupungua ndani ya wiki chache. Ukipita wiki mbili huwezi kula, kulala wala kufanya kazi, nenda kwa mshauri nasaha au daktari. Majonzi yaliyorefuka sasa yanatambuliwa rasmi kuwa ugonjwa unaotibika: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaanzia miezi sita, ule wa madaktari wa akili wa Marekani unataka miezi 12 kwa mtu mzima na sita kwa mtoto. Lakini mawazo ya kujidhuru hayasubiri wiki wala mwezi.

Wala kifua hakisubiri. Maumivu ya kifua na pumzi kukatika baada ya habari mbaya visiitwe "huzuni tu". Upo ugonjwa, ulioelezwa na madaktari wa Japani mwaka 1990, ambapo mshtuko huudhoofisha moyo ghafla na chumba chake kikubwa kikavimba umbo la mtungi. Waliupa jina takotsubo, mtungi wa kunasia pweza. Huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi. Wengi hupona, lakini kwa macho haiwezekani kuutofautisha na shambulio la moyo, kwa hiyo ni hospitali, papo hapo.

Mwaka mmoja baadaye simu itakukumbusha yenyewe. Ingia kwenye mipangilio ya kumbukumbu za picha uzime tarehe hiyo, ili ikukute kwa hiari yako. Kisha chagua siku yako, huenda siku yake ya kuzaliwa, siku ambayo huna kazi ya jioni. Usianze na wimbo wa mwisho wala hotuba ya mwisho. Chukua kitu cha zamani, kile ulichokuwa ukikipenda kabla hujajua chochote kuhusu ugonjwa wake, kaa, ongeza sauti, na ukiache kiende mpaka mwisho.